Kufumbua Fumbo la Herufi katika Kiswahili: Vidokezo kwa Wanaoanza

1. Utangulizi

Fumbo la herufi ni maandishi ambamo kila herufi imeondolewa na mahali pake pakatiwa alama nyingine, kwa kanuni anayoijua mfumbaji na ambayo msomaji hana budi kuivumbua mwenyewe. Kanuni hiyo huitwa ufunguo. Kwa karne nyingi maandishi ya aina hii yalitumiwa na watawala, majeshi na wafanyabiashara waliotaka kuficha habari zao. Pamoja na hayo, yamekuwa pia mchezo wa watu wa kawaida: vijana hupelekeana barua ambazo wakubwa wao hawawezi kuzisoma, na magazeti ya nchi kadha huchapisha mafumbo hayo kando ya chemshabongo. Makala haya yanahusu mchezo huo, wala si siri za dola. Yanakusudia kueleza njia ambazo anayeanza anaweza kuzifuata iwapo fumbo limeandikwa kwa Kiswahili.

Sababu ya kulishughulikia jambo hili ni kwamba vidokezo vinavyojulikana zaidi vilitungwa kwa ajili ya lugha nyingine. Katika hadithi ya Edgar Allan Poe iitwayo The Gold-Bug, iliyotolewa mwaka 1843, na katika The Adventure of the Dancing Men ya Arthur Conan Doyle, ya mwaka 1903, mfumbuzi huanza kwa kutafuta alama iliyo nyingi kuliko zote, akaichukua kuwa ndiyo e. Vitabu vya kufundishia mchezo huu kwa Kiingereza hufuata njia iyo hiyo. Mwanafunzi wa Bahati, karibu na Nakuru, akikitumia kidokezo hicho kwa barua ya Kiswahili, atakwama tangu hatua ya kwanza. Baya zaidi ni kwamba huenda akadhani amekwama kwa kuwa hana akili ya mchezo huo, hali kosa ni la chombo alichopewa.

Hoja ya makala haya ni kwamba kufumbua ni kazi ya sarufi kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Mwenye kukijua Kiswahili tayari anazo zana za kazi hiyo. Kinachotakiwa ni kuzitambua na kuzitumia kwa utaratibu.

2. Kufumba na kufumbua

Kiswahili hakihitaji kuazima msamiati wa kazi hii. Kitenzi fumba maana yake ni kufunga kitu kilicho wazi, kama mtu afumbavyo macho; na fumbua, chenye kiambishi cha kutendua, ni kukifungua tena. Kutokana na shina hilo hupatikana fumbo, mfumbaji na mfumbuzi.

Mapokeo ya mafumbo nayo ni ya zamani. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, shujaa akiwa kifungoni humpelekea mama yake habari kwa njia ya wimbo, kwa mkono wa kijakazi Saada. Mama naye akaelewa kwamba anatakiwa kuficha tupa ndani ya mkate. Bara, Wagĩkũyũ, ambao ndio wengi wa wakazi wa Bahati, wana vitendawili viitwavyo ndaĩ, na pia gĩcandĩ, yaani majibizano ya mafumbo yanayoimbwa kwa kutikisa kibuyu kilichochorwa alama. Vittorio Merlo Pick alizichunguza fani hizo mbili katika kitabu chake cha mwaka 1973, Ndaĩ na Gĩcandĩ.

Hata hivyo, mafumbo hayo ni tofauti na fumbo la herufi. Katika wimbo wa Liyongo na katika kitendawili, maneno yako wazi na maana ndiyo iliyofichwa. Katika fumbo la herufi maana huwa nyepesi, pengine nyepesi mno, lakini sura ya maneno ndiyo iliyofichwa. Kwa hiyo, hodari wa vitendawili si lazima awe hodari wa herufi. Huyu wa pili hutegemea ujuzi wa namna maneno yanavyoundwa na kupangwa.

Mtaalamu wa mapema anayejulikana kuandika juu ya ujuzi huo ni Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9. Alieleza kwamba herufi za maandishi ya kawaida zihesabiwe, kisha alama za fumbo zihesabiwe vilevile, na hesabu mbili hizo zilinganishwe. Msingi huo haujabadilika hadi leo. Lakini Al-Kindi alihesabu herufi za Kiarabu, na walimu wa Kiingereza huhesabu za Kiingereza. Anayefumbua Kiswahili hana budi kuanza na Kiswahili.

3. Sifa za Kiswahili zinazomsaidia mfumbuzi

(a) Wingi wa a. Katika maandishi ya kawaida ya Kiswahili, a ndiyo herufi inayozipita zote. Mara nyingi huwa moja katika kila herufi tano, au zaidi ya hapo. E ya Kiingereza hufikia kama moja katika kila nane. Baada ya a huja kundi la herufi zinazokaribiana kwa wingi, zikiwamo i, n na u. Basi hesabu humpa mfumbuzi herufi moja kwa urahisi, kisha humwacha njiani. Hapo ndipo sarufi inapochukua nafasi yake.

(b) Mwisho wa neno. Neno la Kiswahili huishia irabu. Yapo machache yasiyofuata kanuni hii, kama maalum, na majina ya mahali kama Gilgil na Elburgon, lakini hayaondoi faida yake. Katika fumbo lililoacha nafasi kati ya maneno, alama zote zinazoonekana mwishoni mwa maneno hazizidi tano, na hizo ndizo irabu. Katika Kiingereza kidokezo hiki hakipo kabisa. Inashangaza kwamba Kiswahili humkabidhi mfumbuzi irabu zote kabla hajahesabu chochote, lakini wanaoanza hawaambiwi.

(c) Maneno mafupi. Katika Kiswahili neno la herufi moja ni nadra sana, kwa hiyo hakuna haja ya kulitafuta. Maneno ya herufi mbili yanayorudi mara kwa mara ni wa, ya, la, za, na, ni na si. Mengi yao huishia a, jambo linalothibitisha kidokezo cha kwanza. Yale ya herufi tatu yaliyo ya kawaida ni kwa, cha na vya.

(d) Alama mbili zinazofanana na kufuatana. Zikiwa mwishoni au katikati ya neno, kwa kawaida ni irabu: kaa, mzee, sikukuu, choo. Zikiwa mwanzoni, mara nyingi ni m au n: mmea, mmoja, nne. Katikati ya kitenzi pia huweza kuwa m, pale ambapo kiambishi cha mtendwa kinakutana na shina lenye m, kama katika alimmwagia. Konsonanti nyingine hazirudufiwi ila katika majina ya watu.

(e) Herufi c. Katika tahajia sanifu c haisimami bila h. Alama inayofuatwa na alama ile ile moja kila ionekanapo ni c, na inayoifuata ni h.

(f) Upatanisho wa kisarufi. Hiki ndicho kidokezo chenye nguvu kuliko vyote. Nomino huyalazimisha maneno yanayoihusu kubeba viambishi vya ngeli yake, kwa hiyo alama zile zile hurudi mwanzoni mwa maneno yanayofuatana. Inafaa kukumbuka kwamba ngeli hazifanani katika jambo hili. Nomino ya ki- huleta cha na ki-. Ya ma- huleta ya na ya-. Bali nomino za watu katika wingi zina wa- katika nomino yenyewe, wa katika kiunganishi, na wa- katika kitenzi. Alama mbili zikionekana mara tatu kwa mpango huo, mfumbuzi amekwisha kupata wa.

(g) Sura ya neno. Kila neno lina mpangilio wa herufi zinazorudi, na mpangilio huo haubadiliki hata likifumbwa. Nakuru, herufi zake zikipewa namba kwa kadiri zinavyojitokeza, ni 1-2-3-4-5-4. Njoro ni 1-2-3-4-3, na Gilgil ni 1-2-3-1-2-3. Maneno ya uradidi, kama polepole na mbalimbali, hujitambulisha yenyewe. Lakini sura peke yake si ushahidi wa kutosha: Bahati ni 1-2-3-2-4-5, na Kabazi, ulio upande wa Subukia, ni 1-2-3-2-4-5 vilevile.

4. Mfano kutoka Bahati

Fumbo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya. Msomaji anaambiwa tu kwamba linahusu Bahati na jirani zake, na kwamba limetumia herufi 24, bila Q wala X.

DMJH DM EMYMJW DMRMTWSM SMYWRGW RM FWMBW, RM SMBWDM CMP CMRMHBDM RMUHLH.

Kuna maneno 12 na alama 59. Zilizo nyingi ni M (mara 18), W (7), R (6), D (5) na H (4). Anayeanza kwa kidokezo cha Kiingereza atasema M ni e, na hapo hapo atakuwa na maneno mafupi RM na DM yanayoishia e, ambayo Kiswahili hakina nafasi nayo katika sentensi ya namna hii.

Hatua ya kwanza. Alama za mwisho wa maneno ni nne tu: M, W, H na P. Hizo ndizo irabu. M, ambayo imezipita nyingine zote, ni a. Inafaa kutazama faida ya hatua hii. Kwa hesabu peke yake, R na D zilikuwa nyingi kuliko H, na R ilikaribia kulingana na W. Mwenye kutegemea wingi tu angeziingiza katika irabu. Lakini R na D hazikai mwisho wa neno hata mara moja.

Hatua ya pili. Sentensi inaanza DMJH DM, kisha linakuja jina, kisha neno refu linaloanza DMRM. Huo ndio mpango wa wa-, wa, wa- uliotajwa hapo juu. D ni w. Neno refu ni kitenzi kinachoanza wa- na kufuatwa na R na a: ni wana-, basi R ni n. RM, linalotokea mara mbili, ni na. Hatua hii imethibitisha yenyewe.

Hatua ya tatu. Neno la mwisho, RMUHLH, sasa ni na- likifuatwa na alama nne, ya pili na ya nne zikiwa sawa. Sura yake ni 1-2-3-4-5-4, yaani Nakuru. U ni k, H ni u, na L ni r. Neno la kwanza likawa wa-u, na lililo karibu ni watu. J ni t.

Hatua ya nne. EMYMJW lina sura ya Bahati na ya Kabazi pia. Likichukuliwa kuwa Kabazi, J itakuwa z, na neno la kwanza litakuwa wazu, ambalo halipo. Likiwa Bahati, J inabaki t kama ilivyopatikana. Basi E ni b, Y ni h, W ni i. Anayeanza na ajifunze hapa kwamba kisio lolote hupimwa kwa neno jingine, si kwa uzuri wake lenyewe.

Hatua ya tano. SMYWRGW ni -ahin-i, yaani mahindi: S ni m, G ni d. Kisha SMBWDM ni ma-iwa, ambalo ni maziwa, na B ni z. FWMBW ni -iazi, yaani viazi. F ni v.

Hatua ya sita. Baada ya maziwa linakuja CMP, lenye a katikati na irabu mwishoni. Maziwa ni ya ngeli ya ma-, ambayo huleta ya. C ni y, na P, kwa kuwa a, i na u zimekwisha, ni o: yao. Neno linalofuata ni yanau-wa, na alama iliyobaki ni B, ambayo tayari ni z: yanauzwa. Laiti maziwa hayakupatikana kwanza, mtu angeweza kukisia yanaumwa.

Hatua ya saba. Imebaki alama moja, T, iliyotumika mara moja tu: wana-ima. Hapa ndipo penye mtihani. Wanalima mahindi na viazi ni sentensi nzuri. Wanapima mahindi na viazi ni nzuri vilevile. Herufi l na p hazimo popote pengine katika fumbo, kwa hiyo sarufi haiwezi kuamua, wala hesabu haiwezi. Na tofauti si ndogo: katika sentensi moja watu wa Bahati ni wakulima, na katika nyingine wameshika mizani. Mfumbuzi asiyejali atachagua neno lililomjia kwanza na kusema kazi imekwisha.

Shahidi aliyebaki ni ufunguo wenyewe. Alama zilizopatikana zipangwe chini ya herufi zake:

a b c d e f g h i j k l m n o p r s t u v w y z
M E . G . . . Y W . U . S R P . L . J H F D C B

Kuanzia h hadi mwisho, safu ya chini ni abjadi iliyorudi kinyumenyume: Y, W, kisha pengo, U, pengo, S, R, P, na kuendelea hadi B. Kati ya U na S kuna nafasi moja, na herufi inayokaa kati yao ni T. Nafasi hiyo iko chini ya l. Kwa hiyo T ni l, na neno ni wanalima. Mwanzo wa safu nao unaeleweka: herufi zilizoruka katika mpango wa kinyumenyume zimekusanywa mbele, nazo ni M, E, pengo, G, na mapengo mawili. Mtu wa Bahati, ambaye kila siku huiona Menengai, hatakawia kujaza N, A na I. Neno la siri ni Menengai, lililoandikwa bila kurudia herufi.

Fumbo lote basi ni: Watu wa Bahati wanalima mahindi na viazi, na maziwa yao yanauzwa Nakuru.

5. Kusogeza na kinyume

Si kila fumbo hutumia ufunguo wa aina hiyo. Lililo rahisi zaidi, ambalo huhusishwa na Julius Caesar wa Roma, husogeza abjadi nzima kwa idadi moja ya hatua. Katika Kiswahili linafumbuka kwa alama moja: a ikishapatikana, nyingine zote zimejulikana. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kutouliza abjadi iliyotumika ina herufi ngapi. Anayehesabu herufi 26, hali mfumbaji alitumia 24, ataona baadhi ya maneno yakinyooka na mengine yakipotoka, kisha atalaumu tahajia.

Aina nyingine haibadilishi herufi hata kidogo, bali huzihamisha. Kinachojulikana zaidi miongoni mwa Waswahili ni kinyume, ambacho Edward Steere alikitaja katika karne ya 19 alipokuwa akichunguza Kiswahili cha Unguja. Kanuni yake ni kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mbele. Nakuru huwa runaku, Bahati huwa tibaha, na nusu ya kwanza ya sentensi ya hapo juu huwa: Tuwa wa tibaha mawanali ndimahi na zivia. Maneno ya silabi moja, kama wa na na, hayabadiliki.

Mfumbuzi atatambuaje kwamba ameshika kinyume, wala si fumbo la alama? Kwanza, hesabu ya herufi itakuwa ile ile ya Kiswahili cha kawaida: a itabaki juu. Pili, maneno mafupi yatasomeka. Tatu, na hiki ndicho kidokezo kizuri zaidi, baadhi ya maneno yataishia m au n. Neno mtu lina silabi mbili, m na tu, kwa hiyo kinyume chake ni tum. Nchi huwa chin. Katika Kiswahili kisichofumbwa maneno ya sura hiyo ni machache mno, na yanapotokea, jambo huwa karibu limekwisha kujulikana. Kufumbua ni kuirudisha silabi ya kwanza mwishoni. Inafaa tu kuangalia maneno ambayo kinyume chake pia ni maneno: mila huwa lami, na kata huwa taka. Muktadha ndio utakaoamua.

Kwa wanaisimu, kinyume kina thamani kuliko mchezo. Ili kuifuata kanuni yake, mchezaji hana budi kuyakata maneno katika silabi bila kufundishwa na mtu. Anayesema mbanyu badala ya nyumba ametoa ushahidi kwamba kwake mba ni silabi moja, na kwamba m ya hapo haifungi silabi ya kwanza. Anayesema tum ametoa ushahidi kwamba m ya mtu ni silabi kamili. Mambo haya hufafanuliwa kwa kurasa nyingi katika vitabu vya fonolojia. Mtoto anayecheza huyadhihirisha kwa neno moja.

6. Fumbo lisilo la Kiswahili

Katika eneo la Nakuru mfumbuzi hawezi kuchukulia kwamba kila barua ni ya Kiswahili. Vidokezo vile vile humsaidia kuitambua lugha kabla ya kuyatambua maneno. Gĩkũyũ nacho huishia irabu, lakini kina irabu saba, kwa kuwa ĩ na ũ huandikwa mbali na i na u. Alama za mwisho wa maneno zikizidi tano na bado hazizidi saba, lugha hiyo yafaa kufikiriwa. Tena tahajia yake haitumii f, l, p, s, v wala z, hivyo idadi ya alama tofauti itakuwa ndogo. Katika Kikalenjin maneno mengi huishia konsonanti, kama bik, yaani watu. Kwa hiyo kidokezo cha mwisho wa neno kitashindwa tangu mwanzo.

Kushindwa kwa kidokezo nako ni habari. Barua ya vijana inayochanganya Kiswahili na Kiingereza itafuata kanuni ya irabu katika baadhi ya sehemu na kuivunja katika nyingine, na mahali inapovunjika ndipo lugha ilipobadilika. Mfumbuzi na aweke alama pembeni mwa sehemu hizo, azishughulikie zile zinazotii kanuni, kisha arudi.

7. Hitimisho

Utaratibu uliofuatwa hapa unaweza kufupishwa hivi. Irabu zitafutwe mwishoni mwa maneno kabla ya kuhesabu. Alama iliyo nyingi kuliko zote ichukuliwe kuwa a. Maneno mafupi na upatanisho vitoe konsonanti za kwanza. Majina ya mahali yakisiwe kwa sura zao, na kila kisio lipimwe katika neno jingine. Mwishowe, hata maneno yote yakisomeka, ufunguo upangwe na kutazamwa, kwa maana sentensi yenye maana si lazima iwe ndiyo sentensi iliyoandikwa.

Hatua hizo hazikumtaka mwanafunzi ajue hesabu ya juu wala lugha ya kigeni. Zilimtaka ajue kwamba nomino ya wa- huvuta wa-, kwamba maziwa huleta yao, na kwamba neno la Kiswahili lina mwisho ulio wazi. Mwalimu wa sarufi ambaye wanafunzi wake huuliza upatanisho una faida gani anaweza kuwapa fumbo la maneno 12 na kuwaacha walijibu swali hilo wenyewe.